Kulabu

Ndefu kama kidole changu cha kati, si zaidi.
Mpini wa shaba uliosuguliwa na kiganja cha mtu mwingine
hata pembe zake zimelainika kama kipande cha sabuni mwisho wa wiki.
Upande mmoja kajino kaliopinda, ka kung'olea.
Upande wa pili kijiti butu, cha kukalishia.
Basi. Haina betri. Haiulizi nywila.

Alinipa Terence Oldroyd siku aliyostaafu.
Mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, hawezi tena kulenga tundu.
Aliiweka juu ya tiketi zangu za maegesho,
akasema friji haifi kwa moyo, hufa kwa mpira wa senti tano,
kisha akazungumza habari za kandanda mpaka tukafika bohari.

Leo Leicester, Barabara ya Melton, Januari,
saa kumi jioni na giza limeshaingia.
Nje baridi ya bure, ndani baridi inayolipiwa,
nayo inakimbia: nyuzi hasi tano, hasi tatu.
Sambusa za Mzee Raichura zinatoka jasho,
na paketi za muhogo, zilizoandikwa *mogo*
kama mtu aliyepoteza herufi zake njiani.

Nimefunga geji. Mpira wa buluu, mwekundu, wa manjano.
Mshale hautulii.
Napaka povu la sabuni kwenye nati yangu: linachemka,
vijipovu vidogo vidogo, kama wali unaoomba kupunguziwa moto.
Kumbe ni mpira wangu mwenyewe.
Nimekuja kupima ugonjwa kwa kipimo kigonjwa.

Mzee amesimama nyuma yangu, sweta mbili na kofia ya sufu.
Amesoma kibati kifuani: Mwanakombo.
"Wewe toka wapi?"
Pangani.
"Mimi Tabora! Mpaka sitini na nane!"
Hapo Kiswahili chake kikatoka kabatini
kimekunjwa vilevile alivyokikunja:
leta, peleka, funga mlango, upesi,
chai iko wapi, nani vunja sahani.
Vitenzi vya kuamrisha vitupu, hana hata kimoja cha kuomba.
Si ukali. Ndivyo alivyojifunza,
na waliomsikia hawakuwa na ruhusa
ya kumjibu kwa sentensi ndefu.

Tundu la nati ni dogo kuliko kifungo cha shati.
Nampa tochi. Nasema: Shika.
Anashika.
Sogeza. Anasogeza. Juu kidogo. Tulia. Usipumue.
Na mzee wa miaka themanini na mbili, mwenye maduka matatu,
hapumui.
Mwanga wake umetua ndani ya nati, hauyumbi hata chembe.

Kajino kanaingia, kanatafuta ukingo.
Usichokoe kwa hasira, utakwaruza kitako,
na kitako kikishakwaruzwa hata mpira mpya utavuja.
Zungusha kifundo cha mkono kama unayetafuta uboho mfupani.
Tik.
Unatoka: mweusi, bapa, umekakamaa,
una alama ya kila nati niliyoikaza kupita kiasi.
Miaka miwili ya haraka zangu kwenye ncha ya kulabu.

Mpya nautoa kwenye kikopo cha peremende. Tone la mafuta.
Nageuza upande wa kijiti, nasukuma.
Unakaa bila kelele, kama mgeni aliyeonyeshwa mkeka.
Nafunga kwa vidole tu. Napaka povu tena: kimya.
Mshale umesimama.
Sasa ndiyo kwanza tunaanza, friza yenyewe sijaigusa.

Zima, namwambia.
Hazimi. Ameinama, anamulika ule mpira uliokufa kiganjani mwangu.
Anatafuta neno, naona taya linavyolitafuta
chini, chini kabisa ya leta na peleka.
"Nipe," anasema,
taratibu, kama anayeuliza.

Nampa.
Anautia kwenye mfuko wa sweta ya ndani, pamoja na risiti.
"Mlango," anasema. "Funga. Sambusa."
Nafunga.